Bodi ndogo ya seva ya nyumbani: anzia ukutani, prosesa baadaye

Mpwa wangu alishuka basi la kutoka Dar na kiboksi amekifunga kwa gazeti. Hata maji hajanywa. "Mjomba, bodi ya seva nimeipata. Wati sita tu!"

"Wati sita za nini?"

Akanionesha kwenye simu. Prosesa ni Intel N100, na kweli Intel wenyewe wameandika TDP (namba ya joto, nitaieleza mbele) ni wati 6. Nikatoa mita yangu ya wati, ile inayochomekwa kwenye soketi halafu kifaa kinachomekwa juu yake. Tukafunga bodi kwenye pawasaplai aliyopewa kama nyongeza, boksi la kompyuta kubwa lenye maandishi 500W ubavuni, tukawasha Debian (aina ya Linux, mfumo unaokaa mahali pa Windows) kutoka kwenye flashi. Bila diski, bila skrini, mashine imetulia haina kazi: wati 21. Kijana akaitazama mita kana kwamba imemtusi.

Hakuibiwa. Bodi ilikuwa nzima na prosesa ni ile ile iliyoandikwa. Alikosea pale wanapokosea wengi: alianzia kwenye prosesa akaja kukutana na umeme mwishoni. Mimi huanzia kwenye soketi ya ukutani, nakuja kwenye waya, kwenye betri, kwenye diski, na prosesa naiangalia nikishamaliza hayo yote. Mara nyingi nikifika hapo inakuwa imeshajichagua.

Kazi yangu ni redio na televisheni, hapa Ngamiani, Tanga. Linux niliingilia mlango wa uani: mteja aliacha kompyuta, hakurudi kuichukua, Windows yake ilikuwa imekufa, nikaweka Debian nipate kujua kama bodi inafanya kazi. Nikabaki nayo. Siku hizi kwenye kabati la sebuleni kuna kiboksi kisichozimwa, ndiyo seva yenyewe. Kinatunza picha za familia, kinazuia matangazo kwa simu zote za nyumbani, kina Wikipedia ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix ili watoto wasome hata bando likiisha, na kinahifadhi vifurushi vya programu za Debian ili kompyuta tatu za nyumbani zisipakue kitu kile kile mara tatu. Jioni kinarusha filamu kwenye TV. Hakuna hata moja hapo inayotaka nguvu nyingi. Inachotaka ni kuwaka, leo, kesho, na siku umeme umekatika.

Kwa hiyo kabla ya kutazama bodi yoyote, andika kwenye karatasi kazi zako. Seva ya picha na filamu inataka diski. Ruta inataka poti mbili za mtandao. Kizuia matangazo peke yake hakitaki chochote, hata bodi ya miaka kumi iliyopita itakitosha. Ukiandika "kila kitu", utanunua kompyuta kubwa na kuilipia LUKU, umeme wa malipo ya kabla.

Hesabu ya LUKU

Mimi niko kwenye T1, kundi la bei la wateja wa kawaida wa umeme. Uniti (kilowati-saa moja) ni shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na chenji, mwezi ambao haujakatwa kodi ya jengo. Sasa chukua wati moja. Wati moja tu, ikiwaka saa 24 kwa siku 365, ni uniti 8.76, sawa na shilingi 3,100 hivi kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba ninayotembea nayo kichwani: kila wati, elfu tatu na mia moja kwa mwaka.

Kompyuta ya mezani ya zamani iliyotulia kwenye wati 40 ni kama 125,000 kwa mwaka. Kiboksi cha wati 10 ni 31,000. Tofauti ya mwaka mmoja inakupa SSD nzuri (diski isiyozunguka), na ya miaka miwili au mitatu inakaribia kulipia bodi yenyewe. Lakini hesabu inageuka pia. Ukiwa na bodi ya wati 12 na unataka kununua mpya kwa sababu wamesema ni ya wati 9, unaokoa elfu tisa kwa mwaka. Hiyo si sababu ya kununua bodi.

Wenye D1, kundi la watumiaji wadogo, wana hesabu kali zaidi, na hili sijaona watu wakilisema. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, zinazozidi hapo ni 350. Mashine ya wati 40 inakula uniti 29 kwa mwezi peke yake. Nyumba yenye jokofu dogo, feni na TV ambayo ilikuwa inajibana ndani ya 75, kiboksi hicho kinaivusha, na ukizoea kuvuka unahamishwa kwenye T1. Mashine ya wati 10 inakula uniti 7 na kidogo. Unaweza kuishi nayo.

TDP si kipimo cha umeme unaoutumia

TDP ni namba ya joto ambalo hitisinki (kipande cha chuma kinachopoza chipu) lazima iweze kuliondoa. Inamhusu anayeunda kesi na feni. Haikwambii prosesa ikitulia inakula ngapi, na kabisa haikwambii bodi nzima inakula ngapi.

Mfano ninaoupenda ni bodi ya Intel ya mwaka 2008, D945GCLF. Ilikuja na Atom 230, prosesa ya wati 4, watu wakaishangilia. Ila chipu iliyokaa pembeni yake, 945GC, TDP yake ilikuwa zaidi ya wati 22. Ukiitazama bodi ile utaona hitisinki mbili, moja ndogo tupu na moja kubwa yenye feni. Mtu yeyote atadhani feni ni ya prosesa. Feni ni ya ile chipu nyingine. Bado zinazunguka kwenye mitumba, zinauzwa kwa bei ya kutupwa, na muuzaji atakwambia "hii Atom, haili umeme". Mwachie.

Mla umeme wa pili ni pawasaplai. Boksi la wati 500 ukilibebesha wati 15 linafanya kazi vibaya sana, sehemu kubwa linaichoma kuwa joto ndani yake. Ndicho kilichompata mpwa wangu. Tulitoa lile boksi, tukaweka kibadilishaji kidogo cha picoPSU kinachokaa juu ya soketi ya pini 24, na adapta ya 12V ya amperi 5. Bodi ile ile, flashi ile ile: wati 9. Wati 12 zilikuwa zinapotea ndani ya boksi la bure. Kwa bei ya LUKU yangu, zawadi ile ingemgharimu shilingi 37,000 kila mwaka.

Na diski nazo zihesabu. Diski kubwa ya inchi 3.5 ikizunguka inakula wati 5 hadi 8, na sekunde zile za kuanza kuzunguka inavuta amperi 2 kwenye 12V, wakati mwingine zaidi. Adapta ndogo inaweza kubeba mashine siku nzima ikashindwa sekunde hizo tano za mwanzo, ukabaki unashangaa kwa nini haiwaki. Diski ya inchi 2.5, ya laptop, ni wati moja au mbili. SSD ikitulia ni chini ya hapo. Nyumbani nina SSD moja ya mfumo na diski moja ya laptop ya picha, na nakala ya pili ya picha iko kwenye diski isiyochomekwa kabisa, ndani ya sanduku la nguo.

Volti ngapi inaingia?

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana ndiyo sehemu ambayo ukikosea unaunguza.

Bodi ndogo zinalishwa kwa njia tatu. Kuna zenye soketi ya pini 24 kama kompyuta kubwa, hizo zinahitaji pawasaplai au picoPSU. Kuna zenye tundu la adapta, 12V au 19V. Na kuna za 5V kupitia USB-C, kina Raspberry Pi, kompyuta za ukubwa wa kadi.

Kama huna mpango wa betri, chukua yoyote. Za 19V zina raha yake: ASRock N100DC-ITX, kwa mfano, ina tundu la 19V, kwa hiyo chaja ya laptop iliyokufa inaiwasha. Fundi yeyote ana droo ya chaja hizo. Pima kwanza upande wa chanya uko ndani ya plagi au nje, na plagi iingie ikabane, si kulegea. Jihadhari na chaja zenye pini nyembamba katikati, maana kuna kompyuta ndogo zinazotumia pini hiyo kuitambua chaja. Ikisoma chaja ngeni, inawaka ila inajifunga spidi. Niliwahi kuhangaika siku mbili na mashine iliyokuwa inatambaa kama konokono, natafuta kosa kwenye Linux, kumbe ni chaja.

Kama una mpango wa betri au sola, na huku kwetu ni vyema uwe nao, soma lebo ya bodi kwa makini. Betri iliyoandikwa 12V haikai kwenye 12V. Ikishiba na kupumzika ni kama 12.7. Chaja kontrola ya sola ikiwa inaisukuma mchana inapanda mpaka 14.4. Ikichoka inashuka chini ya 11.5. Bodi nyingi za "12V" zinavumilia asilimia 5 juu na chini, yaani 11.4 hadi 12.6. Umeona tatizo: hata betri iliyoshiba na kutulia imeshavuka mpaka. Na picoPSU za kawaida hazitengenezi hiyo 12V, zinaipitisha ilivyo mpaka kwenye diski. Ukifunga betri moja kwa moja, saa sita mchana jua kali, diski yako inapewa 14.4.

Kwa hiyo tafuta bodi iliyoandikwa masafa mapana, kama 9 hadi 24V au 12 hadi 19V, au nunua aina ya picoPSU inayokubali 12 hadi 25V. Kwa bodi ya 19V, chaja ya laptop ya kwenye gari inafanya kazi nzuri kabisa: inakula 12V za betri, inatoa 19V zilizonyooka. Unapoteza kama asilimia 10 njiani, ila diski inalala salama. Usipitie inveta. Inveta inapandisha 12V kuwa 230V ili adapta iishushe tena kuwa 12V, na yenyewe ikiwashwa bila mzigo inaweza kula wati nyingi kuliko bodi uliyoihangaikia.

Ukubwa wa betri ni hesabu ya darasa la saba. Betri ya UPS ya 12V 7Ah ina 84 wati-saa, tumia nusu yake ili isife mapema. Mashine ya wati 10 itakaa kama saa nne, ya wati 40 kama saa moja tu. Ukitaka sola peke yake mchana na usiku, wati 10 ni 240 wati-saa kwa siku. Paneli ya wati 100 na betri ya 50Ah hivi zitakubeba siku ya jua. Masika weka betri kubwa zaidi.

Nilipokwenda dukani kuulizia hizo, nikamwambia kijana wa sola nataka kitu cha kuwasha N100. Akaenda nyuma, akarudi amebeba betri ya N100, zile za lori, kilo kadhaa, jasho linamtoka. Tukacheka sote, yeye kidogo kuliko mimi.

Ipi sasa?

Nikishajua wati na volti, yanabaki makundi matatu.

La kwanza ni Raspberry Pi na ndugu zake. Pi 4, iliyotoka 2019, ikitulia iko kwenye wati 3 au 4. Kwa kuzuia matangazo, Kiwix, kusoma vipimo vya tangi la maji, inatosha. Mimi siitumii kwa picha za familia, kwa sababu tatu. Haina SATA (soketi ya diski), kwa hiyo diski inapita USB, na baadhi ya vibadilishaji vya USB kwenda SATA vinagoma nayo. Haina saa yenye betri. Umeme ukikatika usiku na intaneti haijarudi, inaamka ikidhani bado ni jana, na vyeti vya tovuti vilivyotolewa karibuni vinaweza kukataliwa. Na ni nyeti kwa waya: waya mwembamba wa simu unaangusha volti, mashine inapunguza spidi kimya kimya. Ukiwa nayo andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0` uko salama. Likiwa `0x50005` badilisha waya na adapta kabla hujalaumu kitu kingine. Pi 5 ina saa, ingawa betri yake unanunua pembeni, na ina njia ya PCIe ya kuweka SSD. Ila inataka adapta ya 5V amperi 5, ambayo si kila duka linayo.

Bodi nyingine za ARM (aina ya prosesa za kwenye simu) zina bei nzuri na sifa za kupendeza kwenye karatasi. Uliza swali moja: keneli (moyo wa mfumo) ya kawaida ya Linux inaiwasha, au inategemea faili moja lililotengenezwa na kiwanda miaka minne iliyopita? Kama ni la pili, umenunua gari lisilo na vipuri. Bodi ya x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD) ina uzuri wake usiosifiwa: flashi ya Debian uliyoandaa leo inaiwasha, na uliyoandaa baada ya miaka mitano itaiwasha.

La pili ni bodi za Mini-ITX, za sentimita 17 kwa 17, zenye N100 au ndugu zake. Hapa unapata soketi za SATA, M.2 (tundu la SSD ndogo), na nafasi ya kadi. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023, ina koa nne (sehemu nne za kufanyia kazi), inakubali njia moja tu ya RAM, na inafungua video za AV1, HEVC na H.264 bila kutoa jasho. Ukitaka diski mbili ndani ya boksi moja na una hela ya kitu kipya, chukua hii. Zile bodi zenye SATA sita zinavutia, lakini hizo SATA za ziada zinatoka kwenye chipu ya pembeni, na chipu nyingine haziiachi prosesa ilale usingizi mzito. Wati mbili tatu zinapotea hapo. Endesha `sudo powertop` uone prosesa inafika usingizi wa C ngapi, namba kubwa ndiyo usingizi mzito. Ikigota C2 au C3 wakati hakuna kazi, mshukiwa wako wa kwanza ni hiyo chipu.

La tatu ndilo langu: kompyuta ndogo za ofisi za mtumba, ukubwa wa kitabu, kina Lenovo Tiny, HP Mini na OptiPlex Micro. Ofisi za Ulaya zinazibadilisha, zinatua Kariakoo. Ndani kuna prosesa yenye herufi T mwishoni, kama i5-6500T, TDP wati 35. Usiogope hiyo 35, tumeshaongea. Yangu, na SSD moja na GB 8 za RAM, inasoma wati 11 kwenye mita ikiwa imetulia. Inakuja na kesi, feni, adapta, vyote vimeshapatana. Bodi tupu haiji na kesi, na kutengenezesha kesi ya bati kwa fundi si bure. Kasoro zake: poti moja ya mtandao, nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na M.2 moja, na volti ni 19 au 20. Kwa prosesa ya kizazi cha 6 kama yangu, video za HEVC za biti 10 zinamshinda kufungua kwa chipu ya picha. Kizazi cha 7 kwenda juu anaziweza.

Kwa ruta, ukikuta APU2, bodi ya kampuni ya PC Engines, ya mtumba, ichukue tu: 12V, poti tatu kwenye toleo nyingi, haina feni. Waswisi waliokuwa wakiitengeneza walitangaza 2023 kwamba wanaacha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu prosesa, kabla sijasahau. Wezi wanabeba viboksi. Picha zangu zimefungwa kwa nywila kwenye diski, na kazi hiyo inataka prosesa yenye AES, uwezo wa kufunga na kufungua siri haraka. Celeron J1900 ya mwaka 2013, inayouzwa sana kwenye mitumba, haina. Pi 4 nayo haina. Andika `grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo`. Ikirudisha neno aes, endelea. Ikinyamaza, diski yako iliyofungwa itakwenda kwa mwendo wa punda.

Siku ya kununua

Nenda na flashi yenye Debian ya moja kwa moja, inayowaka bila kusakinishwa. Chukua toleo la 12 au jipya zaidi, kwa sababu kuanzia 12, ya Juni 2023, femuwea (programu ndogo za kuendesha chipu) za Realtek na wenzake zinakuja humo humo. Zamani ungefika nyumbani mtandao haupo, na bila mtandao huwezi kupakua kinachowasha mtandao. Beba pia waya mfupi wa mtandao na bisibisi.

Mwombe muuzaji akufungulie kesi. Angalia kapasita: kichwa kiwe bapa kama meza. Kikivimba, hata kidogo, rudisha. Nusa. Bodi iliyoungua ina harufu yake, ukishaijua huisahau. Angalia kutu kwenye skrubu za poti, maana mashine iliyokaa kwenye unyevu huanza kuonesha huko.

Kisha washa flashi, fungua dirisha la amri, andika `lspci -nnk`. Teremka mpaka kwenye mstari wa Ethernet. Chini yake kunatakiwa kuwe na "Kernel driver in use" na jina mbele yake: e1000e au igb kwa Intel, r8169 kwa Realtek. Kukiwa na jina, chomeka waya upate mtandao hapo hapo. Mstari huo ukikosekana, funga kesi mshukuru muuzaji. Halafu `sudo dmesg -l err` na usome. Mistari miwili mitatu ya kulalamika ni kawaida ya BIOS, programu inayoiamsha bodi. Ukurasa mzima unaojirudia si kawaida. Ikiwa ni J1900 au wenzake wa ukoo wa Bay Trail, jua kwamba wana historia ya kuganda kwenye Linux wakiingia usingizi mzito, na dawa ni kuandika `intel_idle.max_cstate=1` kwenye mstari wa keneli. Dawa inafanya kazi, ila inazuia usingizi ule ule uliokuwa unaokoa umeme.

RAM itazame kwa macho yako. Nina mkebe wa RAM za laptop zilizokufa, nikajua nimeokoa pesa. Nikachukua kijiti cha DDR3, kikaingia vizuri kwenye bodi ya J1900, nikawasha: giza. Hakuna mlio, hakuna kitu. Nilifungua na kufunga mara sita kabla sijasoma stika. Kimeandikwa PC3. Bodi inataka PC3L, herufi moja tu, ni 1.35V badala ya 1.5V. Umbo moja, meno mamoja, haviwaki. Kwa N100 nako uliza: bodi nyingine zinataka kijiti kifupi cha laptop, nyingine, kama ile ya ASRock, kirefu cha kompyuta ya mezani.

Ukifika nyumbani, kabla ya kusakinisha chochote, ingia BIOS. Tafuta mpangilio wa umeme ukirudi. Unaitwa kwa majina tofauti, "Restore on AC Power Loss" au "After Power Failure". Weka iwake yenyewe. Nikikuta bodi haina mpangilio huu siinunui, basi. Seva inayosubiri mtu abonye kitufe, na wewe uko kazini, si seva. Bodi za zamani zina pia "Halt On", weka isisimame kwa kukosa kibodi. Kisha badilisha betri ya saa, CR2032, hata kama iliyopo inaonekana nzima. Ya mtumba imeshakula miaka yake, na siku ikifa bodi inasahau mipangilio yote, pamoja na huo wa kuwaka yenyewe.

Jaribu kwa ukatili. Mashine ikiwa imewaka, chomoa plagi ukutani. Subiri dakika moja. Rudisha. Fanya mara tano. Irudi yenyewe mara tano, na tarehe iwe sahihi bila intaneti.

Kuhusu joto: zisizo na feni nazipenda, kwa sababu feni ndiyo inayovuta vumbi na hewa ya chumvi ya bahari. Ila sebule ya Tanga mwezi wa pili ni nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, kwa hiyo usiifungie kwenye droo. Yangu imesimama wima, juu ya miguu minne ya vifuniko vya chupa, kila mguu nimeupaka grisi. Grisi ni ya sisimizi. Wanapenda bodi zenye joto kuliko sukari.

Mpwa wangu alirudi Dar na ile N100 yake, picoPSU, na adapta ya amperi 5. Wiki iliyopita kanitumia picha ya mita: 9.6, na SSD ndani. Chini kaandika, "Mjomba, naongeza diski ya TB 4 niliyopata, ile kubwa." Nimemjibu aniletee kwanza namba iliyoandikwa kwenye adapta, na ajumlishe amperi za kuanzia za diski. Bado hajajibu. Nadhani ameshaichomeka.